Mjomba, majina kwanza, miche baadaye

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Kwamba kamati imekubali barabara ya kutoka shuleni hadi zahanati ipandwe miti pande zote mbili, iwe kumbukumbu ya watu wetu waliokwenda vitani, hilo limenifurahisha mno. Lakini mwishoni ukasema mambo mawili yaliyonikaa kooni. La kwanza, miti ni ya waliokufa tu. La pili, hakutakuwa na majina, ila bango moja la "Mashujaa Wetu" pale mwanzo wa barabara, "ili asilalamike mtu". Naandika hadharani kwa sababu tukiongea kwa simu utaniambia mimi mtu wa mjini, na maongezi yataishia hapo.

Naanza na bango. Ile Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam umeipita mara nyingi kuliko mimi, yule wa shaba mwenye bunduki, ameelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa izunguke sanamu hiyo ulitafute jina. Hakuna hata moja. Nairobi kuna ndugu yake ya mwaka 1928, na pale mpagazi naye amechongwa, tena maandishi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Nani alikuwa mwenye miguu hiyo? Haijaandikwa.

Wala si kwamba Waingereza walisahau. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ama hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Wazungu walipewa jiwe au waliandikwa jina kila mmoja, wapagazi wetu wakapewa sanamu ya jumla. Watu walibeba risasi na unga kichwani, wakafa kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi zenyewe, na wengi wao hatuna hata pa kuwawekea ua. Kilichobaki ni soko. Kariakoo ni "Carrier Corps" iliyopita kwenye midomo yetu, na Kariokor ya Nairobi vilevile. Kila siku watu wanashuka kituoni Kariakoo kununua vitenge na hawajui wanalikanyaga jina la jeshi la wapagazi.

Bango lako, mjomba, ni sanamu ile ile kwa bei nafuu.

Hili la waliokufa tu nalo. Vita vya Kagera unavijua vizuri kuliko mimi, maana siku ile Novemba 1978 Mwalimu anasema sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, wewe ulikuwa kijana. Jeshi lilikuwa dogo, mgambo wakaitwa kwa maelfu, na mgambo ni nani kama si wakulima hawa hawa? Aprili 1979 Kampala ikaanguka, wakarudi, wakashika majembe. Waliolala Kaboya kule Muleba wana makaburi yao, na kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka. Aliyerudi na goti bovu akalima miaka arobaini anakumbukwa na nani? Ana miaka sabini na kitu sasa, anakaa kibarazani. Kwa mpango wenu itambidi afe kwanza, na hata akifa mtasema hakufia vitani.

Australia, mji wa Ballarat, wanawake wapatao 500 wa kiwanda cha nguo cha Lucas walijitolea kuanzia 1917 hadi 1919 wakapanda miti 3,801 kando ya barabara, kama kilomita 22. Mti mmoja, mtu mmoja, na kila mti una kibao cha jina. Walipandiwa waliokufa na waliorudi, na wauguzi wa kike wamo pia. Kilichonivutia zaidi ni mpangilio: walifuata nani alijiandikisha kwanza, hawakutazama cheo. Kuruta anaweza kusimama mbele ya kanali. Sisi pia tusipange kwa ukubwa wa ukoo, maana najua ndiko malalamiko yako yatakakotokea.

Kuhusu mti wenyewe sina ugomvi mkubwa. Mkaratusi hapana, unamaliza maji na mashamba yako karibu. Mpingo una heshima yake, ila unakua taratibu mno, hakuna kati yetu atakayepumzika kivulini. Mwarobaini unakua upesi na unavumilia ukame. Mwembe nao haujakosa historia, miembe ya Tabora na Ujiji bado inaonyesha misafara ilikopita, ya pembe na ya watumwa. Lakini mkipanda miembe amueni mapema embe ni za nani, za familia ya mwenye jina au za watoto wa shule. Najua jibu, ni za watoto. Basi liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, vinginevyo mtasuluhisha kesi hiyo kila msimu. Na kabla ya shimo la kwanza waulizeni wahusika wa barabara, isije ikapanuliwa kesho, kumbukumbu yetu ikageuka kuni.

Mbuzi sitaji. Mnawajua.

Ninachokuomba ni kikao kijacho kiahirishe miche kianze na daftari. Pita nyumba kwa nyumba: nani alikwenda, vita gani, alirudi au hakurudi. Wapo waliokwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili na KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na hao wanajulikana na wajukuu wao tu sasa. Anza kwa Bibi, shangazi yako, kwa sababu yeye ndiye anayesimulia kuhusu baba wa baba yake aliyekamatwa njiani kupeleka mizigo ya Waingereza, akaacha jembe limesimama shambani. Nilipokuwa mdogo alimtaja kwa jina, nami sikusikiliza. Mwaka juzi nilimuuliza akanitajia majina mawili tofauti, akacheka, akasema yote ni yake.

Andika yote mawili. Mti wake uwe wa kwanza upande wa shule, maana alitangulia kuondoka. Mimi nitafika kabla ya masika, nitakuja na vibao.

Mpwa wako.