Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Barabara zitengwe kabla mashamba hayajakatwa

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

Pole na majukumu. Nakuandikia kutoka Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuhusu jambo ambalo kwetu limeshatupita, lakini kwa majirani zetu wa Mkoa wa Pwani, yaani Kisarawe, Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo, bado linaweza kuwahiwa.

Mji unavyoingia kijijini tunajua. Mwenye shamba ana shida ya ada au matibabu, dalali anatokea, shamba la mikorosho linapimwa kwa miguu, hatua 20 kwa 20. Wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anagonga muhuri, ofisi inapata asilimia yake. Hakuna anayeuliza barabara itapita wapi wala maji ya mvua yatatokea wapi. Kila muuzaji anaacha kichochoro cha bajaji, na biashara imekwisha.

Ubaya wake unaonekana choo kikijaa. Gari la majitaka halifiki, na mpira wake haufiki. Mwenye nyumba anasubiri mvua ya masika ishike usiku, anakitapisha choo kiende na maji. Asubuhi uchafu ule umepita mlangoni kwa jirani wa bondeni, watoto wanauruka kwenda shule, na kisima kifupi kiko hatua chache tu kutoka hapo. Ni kosa, lakini yule bwana angefanya nini? Kipindupindu kikiingia tunagawiwa vidonge vya kutibu maji, na kichochoro kinabaki kilekile.

Mheshimiwa, sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Pwani ulitoka watu kama milioni 1.1 ukavuka milioni 2. Ukipita Vikindu, Mlandizi au Mapinga unaona kwa macho mashamba yanavyogeuka viwanja.

Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, tunaushukuru, umewapa wengi hati. Ila palipokwishajengwa, kila mtu anakubali barabara ipite kwa mwenzake. Mtaani kwetu tulichangishana, kampuni ikaja ikapima, halafu hatukuiona tena.

Serikali ikiamua inaweza. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 hapa Dar es Salaam ulitenga barabara kwanza, huko Kibada, Toangoma, Bunju na Buyuni. Huduma zilichelewa mno, nalo ni deni, lakini nafasi ya kuzipitisha ilikuwepo. Ninachoomba ni rahisi kuliko hata mradi ule, kwa sababu hakuna haja ya kununua mashamba ya watu. Wala simaanishi kuhamisha watu kama wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Wazee wetu hawajaisahau. Kila mtu abaki na shamba lake. Wizara ichore barabara kuu na za kati, njia za maji, eneo la shule, soko na makaburi, mkutano mkuu wa kijiji ujadili na kupitisha, na ramani ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji. Kuanzia hapo mwenyekiti asigonge muhuri kwenye mauziano yoyote yanayoziba njia iliyochorwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeshaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Iliyokosekana ni ramani ya kusimamia. Mwenye shamba atatoa ukanda, lakini eneo linalobaki litauzika kwa bei nzuri zaidi, maana kiwanja chenye barabara kila mnunuzi anakitaka.

Naomba maofisa mipango miji na wapima wapelekwe kiangazi hiki, waanze na vijiji vinavyopakana na Barabara za Kilwa, Morogoro na Bagamoyo. Huko madalali wameshafika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Chanika, Ilala