Risala ya Kamati ya Ujenzi na Klabu ya Wachora Ramani kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, meza kuu yote, walimu, wazazi wetu, wanafunzi, mabibi na mabwana, kwanza kabisa tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama, na mlima wenyewe umefunguka tangu asubuhi kama vile umejua kuna mgeni. Karibu sana Moshi, karibu shuleni kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi neno hilo leo tumelishika kwa mikono miwili.

Mheshimiwa, klabu yetu ilianza mwaka 2016 na wanafunzi 9 na ubao mmoja wa kuchorea, leo tuko 64. Tumekarabati madawati 38 bila fundi wa nje, tumejenga sehemu ya kunawia mikono yenye koki 6 ambayo kata nzima hakuna ya kuifikia, na ule mfano wa shule wa maboksi uliouona pale mlangoni wameukata vijana wa kidato cha pili kwa wembe na rula. Ni hatua kubwa sana. Mafanikio ni mengi ila muda wako tunaujua.

Siku ya leo tumeifanya kwa heshima ya msanifu majengo Diébédo Francis Kéré, na tunaomba utuvumilie kidogo hapa maana ombi letu limetokea kwake. Huyu ni mtoto wa kijiji, kazaliwa Gando huko Burkina Faso mwaka 1965, baba yake chifu, na ndiye mtoto wa kwanza pale kijijini kupelekwa shule. Shule ilikuwa mbali, ikabidi akakae mbali na mama yake, na darasani walikuwa zaidi ya 100 wamebanana kwenye jengo la tofali za saruji lenye joto kali na giza. Mwaka 1985 akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea useremala, akasoma usiku, akaingia chuo kikuu cha ufundi Berlin kusomea usanifu. Sasa sikiliza Mheshimiwa, hata hajamaliza chuo akaanza kuchangisha hela za kujengea kijiji chake shule, na shule ikakamilika 2001, yeye digrii kaipata 2004! Mwaka huohuo shule ile ikampatia tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker ambayo kwa wasanifu hakuna ya juu yake.

Tunachotaka ukione ni lile paa la shule yake ya Gando. Kijijini walimshangaa mwanzoni, mtu katoka Ulaya anakuja kujenga kwa udongo ambao mvua inaubomoa kila mwaka? Yeye akachanganya udongo na saruji kidogo akapata tofali ngumu, dari akaipanga kwa tofali hizohizo akaacha nafasi za kupitisha hewa, halafu bati akaliinua juu kabisa mbali na dari, likatokeza nje kwa upana ili mvua isipige ukuta. Hewa ya baridi inaingia dirishani, ya moto inapanda inatokea juu, hakuna feni wala umeme. Na kenchi zake sio zile za chuma kizito, ni nondo za kawaida zilizochomelewa, mafundi walihitaji kufundishwa msumeno wa mkono na mashine ndogo ya welding basi. Watoto walibeba mawe ya msingi, wamama walishindilia sakafu. Shule ilianza na wanafunzi 120 ikafika 700.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi sehemu yetu tumeshafanya kama wale wa Gando. Mwaka 2019 kila mwanafunzi alikuwa anakuja na jiwe moja asubuhi, wazazi wakachimba msingi kwa zamu, na Desemba wenyeji waliporudi nyumbani tukapitisha daftari la michango mpaka tukanunua saruji. Boma la karakana likafika linta 2020. Mpaka leo liko hapohapo kwenye linta. Ukikaa hapo ulipo unaliona nyuma ya migomba, lile lenye nondo zimechomoza juu zimeshika kutu.

Kwa heshima kubwa tunaomba tuseme ukweli. Wewe sio mgeni wetu wa kwanza kulisikia boma hili. Yupo aliyesimama hapohapo 2021 akasema masika hayatalikuta bila bati, tukapiga makofi na vigelegele, tukamwimbia. Masika yamekuja na kuondoka. Mwaka 2022 mwingine akatuambia tuandike barua, tukaandika tatu, nakala zote tunazo zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Aliyefuata alipiga picha na wanafunzi ndani ya boma, akachukua namba ya katibu, na katibu ni mimi, simu sijabadilisha. Hatumlaumu mtu na hatumtaji mtu, tunajua viongozi mna majukumu mengi, ila ahadi ni deni Mheshimiwa, na watoto waliobeba yale mawe wakiwa kidato cha kwanza wameshamaliza shule bila kuchora hata mstari mmoja ndani ya karakana yao.

Kwa sasa somo la uchoraji linafanyika kwenye darasa lenye bati tupu lisilo na dari. Mwezi wa pili saa nane mchana ukiingia mle utaona mtoto kaweka kitambaa chini ya mkono maana jasho linalowesha karatasi, penseli inatambaa, mstari aliopima nusu saa nzima unakuwa doa. Kuna binti wa kidato cha tatu alirudia mchoro uleule mara nne. Mvua ikinyesha ndio kabisa, mwalimu anaacha kuongea anaandika ubaoni tu, hata ukipiga kelele wa mbele hakusikii. Sasa hawa ndio tunategemea watuletee kina Kéré wetu?

Ombi letu ni moja tu, paa. Hatuombi gari, hatuombi kompyuta, hata uzio tumeuweka pembeni. Vijana wamechora paa la kuinuliwa kwa mfano wa Gando, kenchi za nondo, bati 100 za mita 3 geji 28, na mchoro umo kwenye bahasha ya kaki tutakayokukabidhi pamoja na risala hii. Tunaomba bati na nondo, pamoja na mhandisi wa kuupitia mchoro huo na kusimamia uchomeleaji, kwa sababu hatutaki kuwawekea watoto kitu juu ya vichwa vyao kwa kubahatisha. Kuna mzazi fundi welding amejitolea na mashine yake, tofali za dari tutafyatua wenyewe, chakula cha mafundi kipo, wamama wameshapanga zamu ya mtori.

Na tunaomba Mheshimiwa, kama inawezekana, usituahidi leo. Tutajie tarehe tu ya gari la bati kufika, hata kama ni mwezi wa kumi, tutaiandika ubaoni na tutasubiri.

Kabla ya kwenda kwenye chakula tunaomba utembee na sisi hatua chache mpaka pale kwenye boma. Ngazi imeshaegeshwa, na yule binti wa kidato cha tatu yupo ndani na mchoro wake, atakueleza mwenyewe hewa itapita wapi.

Naomba kuwasilisha.