Tusimamie dau gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wa wasomaji waliozoea kununua magari ya kale mnadani. Mimi na mwenzangu tuna pauni 60,000, na gari tunalolitaka litanadiwa Uingereza. Tumeshindwa kukubaliana mwisho wa dau letu.

Bei ya nyundo, yaani dau la mwisho dalali anapogonga nyundo, siyo utakayolipa. Mnada huu unamtoza mnunuzi kamisheni ya asilimia 12, na juu ya kamisheni hiyo kuna VAT ya asilimia 20, hivyo nyongeza yote ni asilimia 14.4 ya dau. Ukigawa 60,000 kwa 1.144 unapata 52,447. Lakini dau halipandi pauni mojamoja. Dalali akitoka 50,000 na kuruka 2,500, ukiinua mkono tu unadaiwa 60,060, na gari bado liko uwanjani.

Mwenzangu anaona bei zimeshuka, kwa kuwa gari la aina hiyohiyo liliandikwa 56,000 kwenye mnada wa ukumbini, kisha jingine 52,000 kwenye mnada wa intaneti. Lakini minada mikubwa ya ukumbini hutangaza bei ikiwa na kamisheni ndani. Kwa mfano, Ferrari 250 GTO ya 1962 iliyouzwa na RM Sotheby's huko Monterey, Marekani, mwaka 2018, inatajwa kila mahali kuwa dola 48,405,000. Nyundo iligonga kwenye 44,000,000. Zile 4,405,000 ni kamisheni: asilimia 12 ya dola 250,000 za kwanza, na 10 ya kilichozidi. Ile 56,000 ya mwenzangu, basi, ilikuwa dau la 50,000 na kamisheni ya asilimia 12. Na 52,000 ya intaneti ilikuwa dau tupu.  Dau lenyewe limepanda kutoka 50,000 hadi 52,000, halikushuka! Hili hanielewi kabisa.

Mimi nataka tuishie 48,000. Ukizidisha kwa 1.144 ni 54,912, zinabaki 5,088 za usafiri, bima na matengenezo. Bima haingoji, kwani kwa masharti ya mnada huu gari ni jukumu la mnunuzi tangu nyundo inapogonga, na muda wa kulichukua ukipita, maegesho yanahesabiwa kwa siku.

Gari lenyewe limesimama miaka mingi na haturuhusiwi kuliendesha kabla ya mnada. Matairi yana kashata nzuri, ila tarakimu za ubavuni ni 2309, yaani wiki ya 23 ya 2009, kwa hiyo yote manne ni ya kutupa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, silinda za breki zikaota kutu na kukwama. Petroli iliyolala kwenye tangi huacha gundi inayoziba kabureta. Mipira ya breki na ya maji sina matumaini nayo hata kidogo.

Je, hizo 5,088 zinatosha, au tushuke hadi 46,000? Na muuzaji ana bei ya siri ambayo hauzi chini yake, na dalali anaruhusiwa kupandisha dau kwa niaba ya muuzaji hadi karibu kuifikia. Tukibaki peke yetu chini ya bei hiyo, tuongeze hatua moja palepale, au tunyamaze gari lirudi bila kuuzwa kisha tupeleke ofa yetu baada ya mnada?

Msomaji wenu