Kaka, mnunuzi ni mmoja

Assalaam alaykum kaka, shikamoo.

Tangu Mfungo Mosi nakupigia hupokei. Basi nakuandikia hapa, maana wanao wameniambia kila ninachoandika unakisoma. Na wengine wasome tu. Mtaa mzima unalijua hili. Tuliobaki kulizungumza ni mimi na wewe.

Mwaka huu mikarafuu imeshika. Yako na yangu, mpaka ile mikongwe ya karibu na kisima ambayo baba alitaka kuikata. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Ya mirathi siyarudii. Tuligawana kwa haki, tukatoka tumeshikana mikono. Linalonikaa rohoni ni asubuhi ile ya msimu uliopita, niliyokuja na sufuria ya mihogo na birika la chai ya wachumaji, nikakuta chini ya mikarafuu yangu hapana mtu. Ngoe za kuvutia matawi hazipo, pakacha hazipo. Nikasikia wanaimba upande wako. Umewaongezea shilingi 200 kwa pishi (kwa msiokuwa wa huku, mchumaji hulipwa kwa pishi, kile kipimo cha kupimia karafuu alizochuma), tena usiku, wamelala bandani kwangu, wamekula wali wangu. Nawe ukanichungulia toka juu ya mti: "Sabalkheri! Umeamkaje?" Ile sabalkheri haijanishuka kooni mpaka leo.

Watu wanasema na mimi nilipandisha. Nilipandisha, siku ya pili yake. Ulitaka nikae nitazame vitumba vinachanua? Karafuu ikishachanua ndiyo basi tena. Nina watoto wa skuli na deni la duka. Mtu yeyote angefanya vile, na wewe ungekuwa mimi ungeanza mapema zaidi.

Lakini hebu piga hesabu, wewe ambaye baba alikuachia daftari la vibarua mimi nikaambiwa nikachote maji. Karafuu zetu zote zinakwenda ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Sheria ndivyo ilivyosema, mnunuzi ni huyo mmoja. Kituo kile kile, mzani ule ule, bei imeshatangazwa, na hakuna anayekulipa zaidi kwa sababu umemzidi mdogo wako. Kwa hiyo kila shilingi tuliyopandishiana ilitoka mifukoni mwetu. Wachumaji siwalaumu. Tawi la mkarafuu huvunjika bila kukuaga, na wao ndio walioko juu yake.

Na wewe ulipata nini? Ulichuma kuliko majamvi yako. Mimi majamvi yamekunjwa barazani hayana kazi, wewe una magunia ya karafuu mbichi huna pa kuzianika. Jua la siku nne tano tu lingetosha. Ikanyesha, zikapata moto ndani ya magunia. Nilipita njiani nikasikia harufu, kama togwa iliyopitiliza. Sikusimama. Ningesimama nikasema nini, na wewe umenipa mgongo? Zikatoka mpeta, karafuu zilizoharibika, na bei ya mpeta unaijua.

Wakati wa baba wachumaji walianzia kwa ami, wakimaliza wanakuja kwetu, kisha kwa mjomba. Usiku wanawake wa nyumba zote wanakaa mkeka mmoja kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, na sisi tunasinzia juu ya makonyo mpaka tunabebwa. Wewe ulikuwa unanibeba mimi. Hilo nalo sijalisahau, usidhani nahesabu mabaya tu.

Basi nasema hivi. Bei ya pishi tuipange moja, mimi na wewe na mtoto wa ami, na asiongeze mtu kisirisiri. Tuanze kwako, wewe ndiye mkubwa. Majamvi yangu yote yaje huko. Ukimaliza, watu waje kwangu. Kabla hazijachanua, kaka, si baada. Hili uniahidi mbele ya shemegi, kwa kuwa ahadi za wawili zilishatushinda.

Na nimesikia goti linakusumbua. Usipande mwaka huu, wanangu watakupandia.

Wachumaji wa Micheweni wameshanipigia kuuliza bei. Nimewaambia wangoje mpaka Ijumaa. Wakikupigia na wewe, waambie hivyo hivyo.