Usinunue memori kadi nyingine

Tabata, Dar es Salaam
Jumatano usiku

Kaka Salum,

Salamu kwanza. Huku wote wazima, mvua imeshika tangu magharibi. Shemeji na Mama nawasalimu sana. Nimepata ujumbe wako kwamba kadi 3 za Raspberry Pi yako, ile kompyuta ndogo inayotunza hesabu za duka la Mama Zuhura, zimekufa, na Jumamosi unashuka Kariakoo kutafuta memori kadi ya 4. Nakuomba usiende kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Kadi hazina kosa, kaka. Kinachoziua ni umeme. Kadi haifuti herufi mojamoja. Hufuta bonge zima ndipo iandike upya, na ndani yake ina ramani ya kujua data ipi imekaa wapi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ramani inaweza kuvurugika, na hapo hata mafaili ambayo hayakuguswa hupotea. Usiseme hukuwa unafanya chochote: mfumo wenyewe huandika logi, yaani kumbukumbu za matukio yake, usiku kucha. Hiyo ya bei mbaya anayoisifia Baba Nasra nayo itakufa vilevile.

Anza na chaja. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, na chaja ya simu yenye waya mrefu mwembamba mara nyingi haifikishi. Kwenye Pi andika amri vcgencmd get_throttled, inayoonyesha kama umeme umepungua. Ikijibu 0x0, uko salama. Ikijibu 0x50000, tangu iwake volti zimewahi kushuka na prosesa ikapunguzwa kasi. 0x50005 maana yake zimeshuka hata sasa hivi.

Pesa ya kadi iweke kwenye betri. Chukua betri kavu ya volti 12, 7Ah (ampea-saa 7). Kwa hesabu ni wati-saa 84, lakini usile zaidi ya nusu kama unataka idumu. Ukitoa zinazopotea njiani, hesabu 35. Pi na diski ya SSD, utakayotumia badala ya kadi, hula kama wati 7, ruta 8 hivi, kwa hiyo unapata saa 2 na kidogo. Kipunguza volti, cha kushusha 12 za betri hadi 5.1 za Pi, kiwe cha ampea 5. Vile vyenye chipu ya LM2596 vimeandikwa 3, ila ukivikamua 3 mfululizo vinachemka vibaya. Na hapa naomba uwe makini sana: kabla hujaunganisha Pi, zungusha skrubu ya kipunguza volti huku maltimita ikipima upande wa kutokea, mpaka isome 5.1. Ukiruka hatua hiyo unaweza kuipelekea volti 12, na Pi iliyoungua hivyo haina fundi. Fyuzi ya ampea 5 ikae kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Chaja ya betri itulie kwenye volti 13.6 hadi 13.8, chaja ya gari usiiache imechomekwa siku nzima, itaikausha betri. Wala betri usiiweke juu ya kabati chini ya mabati. Joto likizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za ziada hukata karibu nusu ya maisha yake.

SSD ichomeke kwenye tundu la bluu la USB, mfumo uwakie hapo, na kwenye fstab, faili la mipangilio ya diski, ongeza noatime, ili mfumo usiandike muda kila faili linaposomwa. Kuna pia Storage=volatile kwenye journald.conf, faili la mipangilio ya logi, inayoweka logi kwenye RAM, ambayo hufutika mashine ikizima. Hiyo nasita kidogo, maana mashine ikizima ghafla hutajua sababu. Kwa SSD, acha tu.

Halafu hesabu za duka la Mama Zuhura! Betri si bekapu. Usinakili folda ya PostgreSQL, programu inayotunza hesabu hizo, ikiwa inafanya kazi, nakala hiyo huenda isifunguke. Weka pg_dump, amri yake ya kutoa nakala, kila usiku, faili liende kwenye mashine nyingine, kisha jaribu kulirejesha kweli.

Na kama lazima kadi ununue, ipime kwanza kwa f3, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi. Zipo zilizoandikwa GB 128, ndani ni 8.

Sasa niambie: chaja yako imeandikwa ampea ngapi? Ruta yako ni ya volti 12 au 9? Kama ni 12, usiiunge moja kwa moja na betri iliyo kwenye chaja, ngoja kwanza. Ile kadi ya 3 bado unayo, au umeitupa? Usiiandike kitu, huenda hesabu za Machi zikaokolewa. Na Jumapili unakuja kwa Baba Nasra? Nije na maltimita?

Wako,
Idrisa