Tunaitumia kimyakimya, tunaogopa kusema

Mhariri,

Kila nikisoma makala kuhusu akili mnemba maofisini, lawama ni ileile: wafanyakazi wanaogopa teknolojia, wapewe semina. Naomba nafasi nieleze ya kwetu.

Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Ankara nyingi zinatoka China, nyingine zimeandikwa Kichina kitupu. Mwenzangu anazipiga picha kwa simu, akili mnemba inamtafsiria na kumpa namba ya HS, ile ya forodha inayoonyesha aina ya bidhaa, kwa kila kitu. Kazi ya nusu siku anaimaliza kabla ya chai ya saa nne, kisha anajifanya bado inamsumbua. Bosi akipita, simu inasukumwa chini ya faili.

Anaficha kwa sababu akisema, kesho atarundikiwa mafaili mara mbili kwa mshahara uleule, na kesho kutwa bosi ataanza kujiuliza makarani wote hawa wa nini. Mtu anayepiga hesabu hivyo siwezi kumwita mshamba.

Hasara ya kuficha ipo. Betri za sola za kuchaji ziliwahi kupewa na akili mnemba namba 8506, ambayo ni ya betri zisizochajika, badala ya 8507. Mzee mmoja mzoefu aliliona hilo kabla nyaraka hazijakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA). Tena ankara ina jina la mteja, simu yake, wakati mwingine na namba yake ya mlipakodi (TIN). Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, ila ofisini hakuna aliyetuambia kipi kiingizwe kwenye programu hizo na kipi kisiingizwe. Nani atuambie, ikiwa rasmi hakuna anayezitumia?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa na kushauriana kwanza, na mahitaji ya kiteknolojia yamo humo. Kwa nini tungoje hadi barua zichapwe? Waajiri watuite sasa tuongee: muda unaookolewa ni wa nani, na mashine ikikosea faini anabeba nani.

Semina ije baada ya hapo. Mkufunzi akikosekana, mwenzangu huyo anaweza.

Karani wa forodha,
Dar es Salaam