Mwanangu Neema, kabla hujaenda Natron

Ugweno, Jumatano 16 Aprili 2025

Mwanangu Neema,

Marahaba. Najua ungeniamkia kwanza, lakini barua haisubiri shikamoo. Mama yako ananishangaa nimekaa mezani na kalamu, anadhani napiga hesabu za chama cha kufa na kuzikana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu una neno moja tu, "Usijali baba," kisha mtandao unakatika. Siku hizi nashuku unakatwa.

Mdogo wako ndiye aliyenionyesha ratiba yenu. Usimgombeze. Magari tisa, mnatoka Arusha Ijumaa Kuu alfajiri, mnaingilia Longido, Kitumbeine, Gelai, mnalala Ngare Sero siku mbili tatu, Jumatatu mnarudi kwa Engaruka na Selela mpaka Mto wa Mbu. Chini kabisa mtu ameandika kwamba mvua ndiyo raha yenyewe, akaweka na kile kikatuni kinachocheka hadi machozi. Huyo mtu sitaki kumjua.

Sikuzuii. Una miaka 31, gari umelinunua kwa mshahara wako, na siku uliponitumia picha yake likiwa limepaa tairi moja juu ya jiwe niliionyesha kijiweni mpaka simu ikaisha chaji. Niliwaambia huyo ni binti yangu, si mkwe wangu. Lakini nina neno moja, na nitalirudia mpaka ulichoke: korongo likiwa na maji, usivuke.

Tope sikuogopeshi nalo. Suzuki yako ni nyepesi, itapita mahali Land Cruiser za wenzako zitakaa mpaka difu. Punguza upepo wa tairi mpaka PSI 18 hivi, na usisahau pampu ya kujazia mkifika lami. Ingiza 4L, ile gia nzito ya tairi zote nne, ukiwa bado pakavu, si baada ya kukwama kama wanavyofanya watu wa mjini. Tairi likianza kuzunguka bure, toa mguu kwenye mafuta. Shuka uchimbe mbele ya tairi zote nne, si moja, utandike matawi. Ukivutwa, kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshika chesisi, kamwe isifungwe kwenye kile kichwa cha kuvutia trela, maana kikikatika kinaruka kama risasi na kinatafuta kioo. Wakivuta kwa winchi, tupia koti lililolowa au gunia juu ya waya, na watu wakae mbali kuliko urefu wa waya wenyewe. Vijana hupenda kusimama karibu wapige picha. Wafukuze.

Hayo ni ya tope. Narudi kwenye maji.

Makorongo ya kati ya Engaruka na Selela karibu mwaka mzima ni mchanga na mbuzi. Mvua inayoyajaza hutaiona. Inanyesha juu, kwenye milima ya Ngorongoro, wewe huku chini uko juani unapaka siagi kwenye mkate. Kwanza utasikia mlio kama wa lori linalopanda mlima kwa gia nzito, na utageuka kutazama barabara wakati lori haliko barabarani. Maji ya mbele hayafanani na maji. Yanakuja kama ufagio, yanasukuma vijiti, kinyesi cha mbuzi na povu la rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake ndiyo yanakuja magogo. Kwa hiyo msije mkapiga hema kwenye ule mchanga mzuri kwa sababu ni laini na hauna mawe. Ule mchanga ni kitanda cha mwenyewe, na mwenyewe anarudi usiku.

Ukifika ukakuta linapita, zima gari. Tafuta kijiti, kichomeke pale pale penye ncha ya maji, ukae. Robo saa ikipita nenda ukakiangalie. Kama kimezungukwa na maji, linapanda, rudisha gari nyuma hata kama kila mtu anakwambia linapungua. Kama kimeachwa pakavu, chomeka kingine. Makorongo yale yana haraka ya kujaa na haraka ya kuisha. Nimewahi kumaliza chupa nzima ya chai nikisubiri, nikavuka kiatu hakijalowa. Na likiisha bado usiingie kwa pupa, kwa sababu chini hapako tena ulipopajua. Maji yamechimba shimo, yakalijaza mchanga laini, yakasawazisha juu kama mtu anayeficha kitu. Pita kwanza kwa miguu. Kwa miguu kwenye mchanga, Neema, si kwenye maji. Mtu asiingie kwenye maji kupima kina, awe wewe, awe mwenzako, awe kijana wa kulipwa.

Mkimkuta kijana wa Kimasai na mbuzi wake, mwulizeni kama juu kumenyesha. Mwulizeni kwa salamu na kwa utulivu, si kwa kushusha kioo nusu.

Utaniambia umefunga lile bomba la kuvutia hewa juu ya paa. Najua, na bei yake najua, ningepata ndama. Bomba lile linazuia injini isimeze maji na kupinda konrodi, basi. Halizuii gari kuelea. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuliyumbisha gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi, hata hayo makubwa ya wenzako. Ule wepesi unaokusaidia kwenye tope ndio utakaokuuza kwenye maji. Gari likishaanza kuelea, usukani unakuwa pambo.

Ile video ya Mto Enziu, kule Mwingi, Kenya, Desemba 2021, sijaifuta. Basi la wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusini. Watu wamejipanga ukingoni wanatazama, wengine wanarekodi, na daraja limefunikwa. Walikufa zaidi ya watu 30. Kila nikiitazama kinachoniuma ni ule mwendo, maana basi halikuingia kwa fujo. Liliingia polepole, kama gari la mtu anayejua kazi. Nami nilikuwa naingia hivyo hivyo.

Na mwaka jana, Aprili hii hii, gari la wanafunzi liliposombwa kwenye korongo hapo hapo Arusha mjini, asubuhi, kwenye njia yao ya kila siku, ni wewe uliyenipigia unalia. Mwaka mmoja tu. Sasa unaniambia nisijali.

Sikiliza kitakachotokea. Gari la kwanza litavuka. Ni Land Cruiser, ni zito, dereva wake ana bahati. Atasimama ng'ambo, atapiga honi, atawapungia mkono. La pili litavuka. Kuanzia hapo hakuna tena anayetazama maji, watu wote wanatazamana. Itafika zamu yako, na maji yatakuwa yamepanda kiganja kimoja ambacho hakuna aliyekiona. Ukikataa watasema ni kwa kuwa wewe ni mwanamke. Waache waseme. Kataa. Ukae upande huu peke yako na chai yako hata kama wote wanane wako ng'ambo wanakuimbia. Wewe ni hodari wa kubisha, ulinibishia mimi tangu hujaota meno, sasa huo ubishi ndio siku yake.

Hadithi ya Land Rover iliyoelea unaijua, siirudii. Umeisikia kila Krismasi, na nadhani ndiyo iliyokutia huu wazimu wa barabara, kwa hiyo lawama nyingine ziko humu humu ndani. Lakini kuna kitu sikukipanga vizuri katika ile hadithi. Zilikuwa zile mvua za El Niño, Januari 1998, na wageni wangu wawili walikuwa na ndege ya kuwahi KIA. Hilo huwa nalisema. Mahali mnapochekea, pale Ramadhani anaponing'inia kwenye mgunga kama tumbili, nilipaongeza mimi. Hakuwa anachekesha. Alikuwa na miaka 19, ni utingo wangu, na utingo hamkatalii dereva. Mimi siku zote husema "Ramadhani akashuka kupima maji." Hakushuka tu. Watu hawashuki tu kwenye maji kama yale.

Kijiti sikuchomeka siku hiyo. Nilikijua, mzee aliyenifundisha kazi alinifundisha, lakini nilikuwa na saa mkononi.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kila Idi natuma mchele Mto wa Mbu, nikakwambia ni mteja wa zamani. Mama yako anajua nusu. Sasa kwenye mzigo huu kuna bahasha ya kaki, imegundishwa, usiifungue. Jumatatu mkipita Mto wa Mbu simama, uliza Ramadhani anayeziba pancha, yule anayechechemea. Wanamjua. Mpe mkononi. Usimpe kijana wake. Akitaka kukusimulia mwenyewe, kaa umsikilize, hata kama wenzako wanapiga honi. Ya kwake ndiyo iliyo sahihi.

Mzigo utakuja na basi la asubuhi, kondakta namfahamu, ana namba yako. Kuna mkungu mmoja wa ndizi mshare, parachichi ambazo hazijaiva (zifunge kwenye gazeti, usiziweke kwenye friji kama mara ile), chepe, na kamba yangu. Kamba ni ile ya bluu, ya zamani lakini nzima, niliificha mdogo wako asiifanye ya kufungia ng'ombe. Maana kwenye ile orodha yenu ya vifaa nimeona spika ya muziki na jiko la kuchomea nyama, chepe sijaliona. Magari tisa!

Mama yako amesema niandike kwamba hii ni Pasaka ya pili hauko nyumbani. Nimeandika. Amesema pia dawa zake za presha zimebaki za siku tisa, na zile za duka la huku zinamwasha, ununue zile zile za Arusha na umtumie kwa basi wiki ijayo. Ng'ombe amezaa, dume tena. Bati la jikoni linavuja pale pale juu ya mafiga, fundi amekuja, ametazama, amekula, ameondoka. Nimeweka sufuria kubwa chini, sasa kila mvua ikinyesha usiku nasikia linalia ting ting mpaka nakosa usingizi, ingawa wiki hii nadhani si sufuria.

Kamati ya harusi ya mtoto wa shangazi yako wameniandika laki mbili bila kuniuliza. Nimewaambia wakuulize wewe, mfanyakazi wa benki. Usikasirike, nilibanwa.

Huko Gelai mtandao hakuna, hilo nalijua, sitasumbua. Lakini mkishafika kwenye lami pale Mto wa Mbu, kabla hujala, kabla hujajaza upepo, piga. Piga ya mama yako, yangu spika imekufa. Usiniambie mlivyovuka. Niambie mmefika, na umempa Ramadhani mzigo wake, basi.

Na kama Jumatatu mvua itawafungia Engaruka, mlale Engaruka. Kazini utapiga simu useme baba anaumwa. Nakuruhusu, na mimi nitajilaza nisikufanye mwongo.

Baba yako

N.B. Chepe ni la jirani, yule mkorofi. Lirudi likiwa na mpini wake.